Mutoto anapogawanyika ndani



Mwezi wa 12, 2000, vita ilifika Pweto, tukakimbilia Zambia. Tangu 2007 wengi tulirudi. Nyumba tulijenga. Lakini kati yetu kuko batu waliokimbia wakiwa batoto: leo anasema kwa sauti ingine, anajiita jina lingine, kesho hakumbuki. Sisi tunasema: pepo, ao bulozi.

Madaktari wanaeleza hivi. Mutoto mudogo hajapata bado "miye" moja, inajengeka polepole. Akiumizwa mara na mara, na yule angemukimbilia ndiye anamuumiza, ao hayuko tena, akili inamuokoa: inafungia maumivu katika chumba kimoja, yeye anacheza katika kingine. Mufaransa Pierre Janet aliandika juu ya akili kugawanyika hivi tangu 1889. Ukuta ule ulimulinda. Akikomaa, ukuta unabaki, na kila chumba na mutu wake.

Basi tusimupige, tusimufukuze nyumbani. Dawa ya kwanza ni usalama. Hapa Lubumbashi kuko kituo Docteur Joseph Guislain. Tumusindikize, na mfuko wetu ulipe njia.