Nyumba Mpya na Matundu ya Hewa

Leo nazungumza nawe uliyemaliza kujenga, au uliyehamia juzi katika nyumba mpya ya kupanga pale Kitengela, Isinya ama Kajiado mjini. Hongera. Rangi bado inanukia na madirisha yanafunga sawasawa. Sasa hebu inua macho utazame juu ya dirisha. Matundu ya hewa yapo? Na kama yapo, umeyaziba kwa gazeti?

Sikulaumu. Mwezi wa Julai upepo wa nyanda za Kaputiei unapenya hadi mifupani, na wakati wa kiangazi vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Tundu ukutani linaonekana hasara tupu. Lakini watu wanne wakilala katika chumba kilichozibwa, usiku kucha wanavuta hewa ile ile waliyoitoa. Mmoja akiwa na kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, viini vyake vinabaki humo humo. Tena nyumba mpya ina maji mengi ndani ya saruji na plasta. Unyevu huo usipopata pa kutokea huleta ukungu kwenye pembe za kuta, na mtoto mwenye pumu ataanza kukohoa kabla wewe hujauona.

Hatari kubwa kuliko zote ni jiko la makaa. Mama amepika nje, makaa yamekuwa mekundu, hayatoi moshi tena. Analiingiza jiko chumbani ili watoto wapate joto, anafunga mlango, wanalala. Makaa hayo yasiyo na moshi ndiyo yanayotudanganya. Yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Aliyelala huenda asiamke. Na wale wanaosema ukiweka sufuria ya maji juu ya jiko gesi inaisha, wanakosea. Maji hayaiondoi.

Nchi za baridi kali, kama Uswidi na Kanada, nazo zilikutana na tatizo hili la nyumba zilizozibwa. Huko hufungwa mtambo wenye feni mbili. Moja hutoa hewa chafu yenye joto, nyingine huingiza hewa safi ya baridi. Hewa hizo mbili hupitana kwenye vibati vyembamba bila kuchanganyika, na ile inayotoka huiachia inayoingia sehemu kubwa ya joto lake. Ni kazi nzuri, lakini mtambo unataka umeme saa zote na vichujio vya kubadilishwa. Sisi stima ikipotea tunabaki gizani, na baridi yetu ni ya miezi michache. Sioni sababu ya fundi kukuuzia kitu hicho Kitengela.

Mfano wa karibu tunao papa hapa Kajiado. Kuanzia mwaka wa 1998 hadi 2001, shirika la ITDG, ambalo sasa linaitwa Practical Action, lilishirikiana na akina mama wa Kimaasai kupunguza moshi ndani ya nyumba zao. Enkaji hujengwa na mwanamke mwenyewe, kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe, na dirisha lake ni tundu dogo tu. Basi madirisha yakapanuliwa, na juu ya mafiga ikawekwa kofia ya bati yenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Hewa ilipopimwa, moshi katika nyumba zenye kofia hiyo ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu.

Kwako wewe wa nyumba ya mawe, kazi ni nyepesi zaidi. Mwambie fundi aache matundu katika kila chumba kabla ya plasta, juu karibu na dari, na ikiwezekana pande mbili ili hewa ipite. Yafunike kwa wavu wa mbu, kisha uuoshe mara kwa mara, maana vumbi letu huuziba kabisa. Asubuhi fungua madirisha kwa dakika 10. Usiogope baridi: joto la jua la jana limo ndani ya mawe ya ukuta, na hewa mpya itapata joto upesi ukishafunga. Usiku tumia blanketi, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Jiko lilale nje, hata kama matundu yako wazi.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye jiko, vuta pumzi ukiwa nje, ingia, fungua mlango na madirisha, umtoe hewani mara moja. Usipoteze wakati kumnywesha maziwa. Mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe ile ya Kitengela au ya rufaa ya Kajiado, na uwaeleze kwamba alilala na jiko, ili wampe oksijeni bila kukawia. Wengine waliolala chumba hicho pia wapelekwe, hata wakisema ni kichwa tu kinauma.