Purnima: Usiku wa Mwezi Uliotimia



Katika siku hii ya kumbukumbu ya hekalu letu, tumeombwa tuseme machache juu ya Purnima, neno tulitamkalo kila mwezi na ambalo watoto hutuuliza maana yake.

Katika Kisanskriti, purna ni kilichojaa, kisichopungukiwa. Purnima basi ni usiku wa mwezi uliotimia. Wenye asili ya Gujarat miongoni mwetu husema Punam. Kiswahili nacho huuita mwezi mpevu. Hupevuka tunda mtini, hupevuka na mtu kwa umri na akili. Lugha moja imeona kujaa, nyingine imeona kukomaa.

Mwezi wenyewe haukui wala haupungui. Nusu yake huangazwa na jua. Kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo tunachokiona sisi. Wataalamu wa kale wa Bara Hindi waliigawa safari hiyo katika hatua 30 ziitwazo tithi: 15 za nuru inayoongezeka na 15 za nuru inayopungua. Kila tithi hutimia mwezi unapojitenga na jua kwa nyuzi 12. Purnima ni tithi ya 15 ya nuru inayoongezeka, nayo hukoma mwezi ukiwa mkabala kabisa na jua, nyuzi 180.

Kulijua jambo hili kuna faida majumbani mwetu. Tithi haifuati tarehe. Huanza na kukoma saa yoyote. Tena saa za India zimetangulia za kwetu kwa saa 2 na nusu. Tithi ikianza Mumbai saa 7 usiku, hapa Horohoro ni saa 4 na nusu usiku wa tarehe iliyotangulia. Ndiyo maana kalenda iliyochapwa India huweza kupishana kwa siku nzima na hesabu ya hapa. Nyumba moja ikafunga leo, ya jirani ikafunga kesho, na kisa cha Satyanarayan kikasomwa mbele ya watu nusu. Yasikitisha siku ya utimilifu ikitugawa. Tunashauri ifuatwe hesabu ya Tanga, itangazwe mapema hekaluni, ili tufunge pamoja na tufungue pamoja.

Majirani zetu wavuvi wa Moa na Jasini huutambua mwezi mpevu kwa bamvua. Jua, dunia na mwezi vikiwa katika mstari mmoja, maji hujaa mno kisha hupwa mno, miamba ikawa wazi kwa watafutao pweza. Ng'ambo ya bahari hii hii, katika pwani ya magharibi ya India, Purnima ya mwezi wa Shravan huitwa Nariyeli Purnima, yaani ya nazi. Wavuvi huitolea bahari nazi, kisha hurejea kuvua pepo za kusi zikianza kutulia. Nazi na bahari ni vitu tulivyovikuta huku pia.

Baada ya Purnima nuru huanza kupungua, na hakuna anayeuombolezea mwezi, kwa kuwa utajaa tena. Jamii haina ahadi kama hiyo. Yetu hujaa kwa kukusanyika, na hupungua kila mmoja akibaki kwake. Basi Purnima ijayo tukutane hapa, wakubwa kwa wadogo.