Barua Zilizomo Kashani

Nakala ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazee na vijana mjini Lamu



Nimeombwa nizungumze juu ya biashara na urithi wetu. Habari za bandari mpya mmezisikia vya kutosha tangu gati la kwanza lifunguliwe Mei 2021, kwa hivyo leo niruhusuni nizungumze juu ya karatasi.

Nyumba nyingi hapa zina kasha au sanduku la zamani, na ndani yake mna karatasi ambazo vijana hawazigusi kwa kuwa hawajui zinasema nini. Lugha ni Kiswahili, herufi ni za Kiarabu. Majahazi yalipokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yalileta tende na mazulia, na kusi ikivuma yakarudi na boriti za mikoko. Mfanyabiashara wa Lamu na mwenzake wa ng'ambo walikaa miezi bila kuonana. Kilichowaunganisha ni barua. Ilianza kwa salamu za Kiarabu, kisha Kiswahili kikashika: bei, deni, mzigo, nani amezaliwa, nani amefariki.

Uandishi huu ni wa kale. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa Goa, India, kwa kuwa Goa ndiyo iliyokuwa makao ya Wareno upande huu wa bahari. Hapa kwetu, Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na mwaka 1858 Mwana Kupona akamtungia bintiye utendi wa mausia.

Waandishi wetu hawakuzichukua herufi za Kiarabu vivi hivi. Kiarabu hakina sauti ya "p" wala "ch". Wengine walitumia "b" mahali pa "p", ikawa neno "pata" na neno "bata" yanaandikwa sawasawa, na msomaji anachagua kwa kuangalia maana. Wengine waliazima herufi za Kiajemi. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake Sahifa mwaka 1930 kwa Kiswahili cha herufi hizi.

Mwaka huo huo wa 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki. Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu, na shuleni tukafundishwa herufi za Kizungu. Sikuja kulalamika, hicho Kiswahili sanifu ndicho kinachonilisha. Lakini tazama kilichotokea. Mtoto wetu wa madrasa anazijua herufi, maana anasoma Kurani. Ukimpa barua ya babu yake, anatamka "mato" na "nti" asijue kuwa ni macho na nchi. Bibi yake anayajua maneno yote ya Kiamu, lakini macho hayaoni tena, au hakuwahi kufundishwa kuandika. Kila mmoja ana nusu ya barua.

Na nyumba ikikarabatiwa, karatasi hizo ndizo za kwanza kutupwa. Nyingine zina kumbukumbu za mirathi, wakfu, mahari na mipaka ya mashamba. Katiba ya 2010, Ibara ya 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Siwaahidi kwamba karatasi kuukuu itakushindia kesi. Ila karatasi iliyochomwa, hakuna kadhi wala wakili atakayeipima.

Basi tunaomba hivi. Usitie karatasi plastiki ya moto, na usiigundishe kwa selotepu. Iweke pakavu, mbali na mchwa na jua. Ipige picha kwa simu, mbele na nyuma, kwa mwanga wa dirishani. Kisha mkalishe kijana asome kwa sauti na mzee asikilize. Mwingine aandike wanachokubaliana, na pasipoeleweka paachwe wazi, pasibuniwe. Kabla ya kutupa au kumuuzia mtalii chochote, waonyesheni watu wa makumbusho. Karatasi inabaki yenu.

Wengine mtaona aibu kwa sababu barua ina deni la babu. Hilo ni jambo la familia, na familia ina haki ya kuamua nani aisome. Kuificha si sawa na kuitupa.

Maswali tutayachukua sasa, tukianza na wazee.