Moto Unaorudi Mlimani Elgon

Maelezo haya, hasa kwa askari wa jeshi na polisi walio katika kambi na vituo vya Jinja na Mbale, yahusu moto wa Mlima Elgon.

Wakati wa kiangazi, baina ya Desemba na Machi, aliye Mbale huenda akauona moshi juu ya mlima. Wengi wamekwisha kuuzoea. Husema kwamba mvua zikianza majani yatachipua, na mlima utairudia hali yake. Moto ukipita mara moja tu, kauli hiyo yaweza kuwa kweli. Tatizo ni moto unaorudi.

Mlima huu, wenye kimo cha meta 4,321, umevikwa mimea kwa tabaka. Chini ni msitu wa miti mirefu, kama vile podo na mierezi. Juu yake ni mianzi, ambako Wagisu hupata malewa yao. Kisha huja erika, na juu kabisa nyasi pamoja na lobelia na senesio zinazompita mtu kwa urefu. Erika huwaka upesi hata ikiwa mbichi, lakini kisiki chake kilicho ardhini kwa kawaida hakifi, bali huchipua tena. Kinachohitajika ni miaka mingi ya kukua bila kuguswa. Moto ukirudi kabla ya miaka hiyo kutimia, machipukizi huteketea, akiba ya mizizi hupungua, na palipokuwa na miti huwa vichaka. Ukirudi tena, vichaka huwa nyasi. Nazo nyasi hukauka mapema, kwa hiyo moto wa kwanza huwa umemtengenezea njia mwenzake. Mwerezi mkubwa, ukiungua, hauchipui. Mwingine lazima uanze kutoka mbegu.

Jirani zetu wa Tanzania wameyaona hayo. Wataalamu waliochunguza Kilimanjaro tangu mwaka 1976 walikuta sehemu kubwa ya misitu ya erika imetoweka kwa moto, na ukingo wa msitu umeshuka kwa mamia ya meta. Oktoba 2020 moto ulikula huko kilomita za mraba zipatazo 95.

Miti ile ya juu, iliyojaa kuvu na ndevu za mwani, hunasa ukungu na kuudondosha ardhini kuwa maji. Nyasi haziwezi kazi hiyo kwa kiasi kile kile. Mto Manafwa, unaoshuka kutoka Elgon, ndio unaonywesha mashamba ya mpunga ya Doho, wilayani Butaleja. Askari wa Jinja naye asidhani hayamhusu: upande wa Kenya, Mto Nzoia huchukua maji ya mlima huo huo hadi Ziwa Viktoria, na ziwa hilo hutokea Jinja kuwa Nile.

Hata hivyo, tusiutwike moto kila msiba. Maporomoko ya Bududa ya Machi 1, 2010 yaliletwa na mvua kubwa juu ya miteremko mikali iliyolimwa. Wala si kila mchungaji aonekanaye mlimani ni mchoma msitu. Wako wanaochoma ili nyasi mpya ziote, wako warina asali na wawindaji, na wako pia wapitao njia wanaoacha meko yao yakifuka. Doria inayolala mlimani nayo huwasha moto wa kuota. Uzimwe kwa maji na udongo mpaka majivu yawe baridi mkononi.

Tena iko kazi isiyohitaji bunduki. Kila moshi uonekanao uandikwe katika daftari la kituo: tarehe, kilima, na upande ulikoelekea, kisha habari zipelekwe kwa walinzi wa Mamlaka ya Wanyamapori. Kiangazi kijacho walinzi wakiwa wachache, daftari hilo litawaonyesha ukingo uliochomeka miaka mitatu iliyopita, wenye machipukizi yaliyofika magotini. Hapo ndipo wasimame kwanza.