Kuchanganya alginati: tupime, tusikisie

(Maongezi tuliyoyatoa mbele ya wanamemba, katika mukutano wa mwezi)



Komite ilituomba tuseme juu ya vijana wetu wanaojifunza kutengeneza meno ya bandia, juu wengi wenu mumeuliza: ule unga wa bei kali unanunuliwa na feza ya kasha, mbona unaisha haraka? Na kwa nini wasiongeze maji kidogo ili kopo lidumu? Ulizo hilo ni la haki. Feza ni ya sisi wote. Tutajibu bila kuzunguka.

Unga huo unaitwa alginati. Unatolewa katika mwani wa baharini, ule wa rangi ya kahawia. Ukichanganywa na maji unakuwa kama uji muzito, na kisha dakika chache unashika kama mpira laini. Unaingia mdomoni ukiwa uji, unatoka umebeba umbo la kila jino na ufizi. Hiyo ndiyo chapa. Ndani yake tunamimina plasta, na juu ya mufano huo wa plasta fundi anajenga meno. Chapa ikikosea kidogo, na meno yatakosea.

Sasa wamama, tusikilizane. Hii si bugali. Bugali ikiwa laini unaongeza unga, ikikaza unaongeza maji, na watoto wanakula. Alginati haikubali. Ikishagusa maji, saa imeanza kuhesabu. Ukiongeza kitu katikati, sehemu moja imeshaanza kushika na ingine bado, unapata madonge matupu.

Basi kila kitu kinapimwa mbele. Kwanza kopo linatikiswa likiwa limefungwa, unga upate kulegea, kisha linaachwa kidogo vumbi itulie ndipo linafunguliwa. Unga ulioshindiliwa chini unajaza kijiko kwa uzito mwingine. Tunatumia kijiko na kikombe vilivyokuja pamoja na kopo lenyewe, si vya kopo lingine. Mara nyingi kijiko kimoja kinaenda na mustari mmoja wa maji: vijiko 2 kwa taya la chini, 3 kwa taya la juu. Juu ya kijiko tunapitisha kisu, tusiache mulima.

Maji yanatangulia katika bakuli ya mpira, unga unafuata. Tunakoroga polepole mpaka unga wote ulowe, halafu kwa nguvu, tukiukandamiza kwenye ukuta wa bakuli ili hewa itoke. Yote hayo yanaisha katika sekunde 45 mpaka dakika 1. Ikiwa tayari inang'aa, haina punje, na inakaa juu ya spatula bila kudondoka.

Joto nalo liko na neno. Maji ya digrii 20 hivi ndiyo mazuri. Hapa kwetu bidoni iliyokaa juani inatoa maji moto, na unga unashika mbele haujafika mdomoni. Dawa yake ni maji safi ya mutungi uliokaa kivulini, na kufanya kazi asubuhi.

Turudi kwa ulizo lenu. Ukizidisha maji, uji unakuwa mwepesi, unateremka kooni na mugonjwa anataka kutapika. Ukishika unakuwa dhaifu, unapasuka wakati wa kutoa. Ukipunguza maji, unakuwa mugumu, hauingii kati ya meno. Kwa vyote viwili tunarudilia: unga mara mbili, plasta mara mbili, na mama aliyetoka kijijini analipa pikipiki mara mbili. Na kama hakuna aliyeona kosa, atapewa meno yanayomuchubua, atayaweka katika kitambaa, ataambia majirani zake kwamba vijana wetu hawajui kazi. Hiyo feza ya kasha haitarudi.

Chapa ikitoka, tunaiosha mate na damu, tunaipitisha katika dawa ya kuua vijidudu, juu mate yanabeba magonjwa. Plasta imiminwe ndani ya dakika 10 hivi. Chapa ikiachwa wazi inakauka na kusinyaa. Ikilowekwa katika maji inavimba. Ikilazimu kungoja kidogo, ifunikwe na kitambaa chenye unyevu. Na kazi ya kinywa cha mutu ifanyike chini ya macho ya muganga wa meno. Fundi asiende peke yake.

Tunaomba vitu vitatu. Kasha inunue saa ya kuonyesha sekunde na kipimo cha joto. Kopo likae mahali pakavu, limefungwa, juu unyevu unaharibu unga. Na cha tatu ni kwenu: musiwasukume vijana kurefusha unga. Wengi wenu mulianza maisha upya, kwanza kambini Tanzania, halafu hapa nyumbani. Munajua kwamba kitu kinachotengenezwa mara moja na vizuri ndicho rahisi.

Sasa tunapokea maulizo.