Ng'ombe inalipa kila barieri, lakini nani anaangalia kinywa chake?



Tunajua kuna waliocheka waliposikia habari ya mkutano huu. Walisema: watu wanauawa kwenye njia ya Kasindi, na ninyi vijana wa harakati munaita watu kuzungumza ng'ombe? Tunawajibu kwa heshima. Wengi wetu hapa tumesoma kwa ng'ombe. Papa aliuza moja, minervali ikalipwa. Akauza ya pili, tukamaliza mwaka wa mwisho. Diplome tuko nayo, kazi hatuna, na ng'ombe zile hazijarudi. Kwa hiyo mtu asituambie ng'ombe ni nyama tu. Kwa Lubero na Beni ng'ombe njo benki, njo mahari, njo pesa ya hospitali usiku mama akizidiwa. Ugonjwa ukiingia katika boma, benki imefungwa, na hakuna aliyekupa barua ya kukuonya.

Tuseme ukweli: sehemu ya nyama tunayokula Beni na Butembo inatoka Uganda, inavuka Mpondwe, inaingia kwa Kasindi. Hatusemi ni vibaya. Vita vimewatoa wafugaji mingi kwenye malisho yao, na tumbo halingoji amani. Shida yetu ni namna ng'ombe hizo zinavyoingia.

Mukumbuke wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Hakuna mtu aliyepita barieri bila kunawa mikono na kupimwa joto kwenye paji la uso. Mama na mtoto mgongoni, wote walipimwa. Tulilalamika, lakini tulinawa. Sasa mujiulize: wakati ule, na mpaka leo, muliona wapi mtu anayepima joto ya ng'ombe? Ng'ombe inafika, mtu anauliza karatasi, anauliza takse, anahesabu vichwa, anafungua kamba. Mbele kidogo barieri nyingine, takse nyingine. Zingine zina karatasi ya kupokea pesa, zingine hazina. Mnyama anafika Beni amelipiwa mara nyingi kuliko abiria wa basi, na kinywa chake hakijafunguliwa hata mara moja.

Familia ya mwenzetu mmoja ilinunua ndume kijana kwa mchuuzi. Ndume ile iliingia kama nyama, ilikuwa ya kuchinjwa. Lakini ilikuwa nzuri, na bei ilikuwa ya chini, wakasema: tuiweke kwa boma, itatuzalia. Wiki ya pili haijaisha, ng'ombe zikaanza kutoa povu mdomoni. Zikaanza kuchechemea. Vidonda kwa ulimi, vidonda katikati ya kwato, vidonda kwa chuchu, mama anashindwa kukamua. Wakubwa hawakufa, lakini maziwa yalikauka na ndama tatu zikaanguka. Daktari wa mifugo alisikiliza kwa simu, akasema inafanana na ugonjwa wa miguu na midomo. Inafanana tu. Hakuna aliyechukua damu. Jirani wawili nao wakapata, na mpaka leo hawasalimiani vizuri na familia ile.

Hatusemi kwamba ndume ile ilitoka na ugonjwa ng'ambo. Labda iliupata njiani, labda ugonjwa ulikuwa hapa tayari. Hiyo njo shida yenyewe: haikuwa na hereni, haikuwa na cheti cha afya, hakuna aliyejua ililala wapi wiki iliyopita. Basi kila mtu alichagua adui wake mwenyewe.

Na hapa tunaomba kitu kimoja kabla ya kuendelea. Mtu asichukue maneno yetu kwenda kusema kabila fulani njo linaleta magonjwa. Kwetu tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Virusi havina kabila, na havina pasipoti ya Uganda pia. Kasindi iko katikati ya mbuga mbili, Virunga kwetu na Queen Elizabeth kwao, na nyati za huko zinaweza kubeba ugonjwa wa miguu na midomo bila kuonekana wagonjwa. Mwaka 2025 viboko karibu 50 walikufa kwa kimeta upande wa mto Ishasha na ziwa Edouard. Kimeta hicho hakikuletwa na mchuuzi yeyote. Magonjwa mengine yako tayari kwa udongo wetu. Lakini hiyo si sababu ya kuacha mlango wazi kwa mengine.

Tumewauliza wenzetu waliosoma mifugo, na walitueleza jambo ambalo babushe wengi na hata wakubwa wengine hawalijui. Ugonjwa wa miguu na midomo unaweza kukaa ndani ya mnyama siku 2 mpaka 14 kabla dalili hazijaonekana. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni mbaya zaidi: inaweza kujificha miezi, hata 6, na ng'ombe iliyopona inaweza kubaki na ugonjwa ndani ya pafu, inakula vizuri, inanenepa, siku moja inakoholea wenzake. Kwa hiyo muhuri wa siku moja kwa mpaka, hata ukiwa wa kweli, unasema tu kwamba ng'ombe ilikuwa imesimama asubuhi hiyo.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1920 ng'ombe zilitoka India zikienda Brazil kwa meli. Zilipita tu bandari ya Anvers, kwa Wabelgiji, wale waliokuwa wanatutawala. Zilipita tu! Zikaacha sotoka pale, ng'ombe za Ubelgiji zikaanza kufa. Kwa sababu ya aibu ile mataifa yaliketi pamoja, na mwaka 1924 wakaunda Paris lile shirika linaloitwa leo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Na sotoka, ambayo wazee wa wazee wetu waliijua, ilitangazwa imekwisha duniani mwaka 2011. Iliisha kwa chanjo, na kwa kufuata mnyama anatoka wapi anaenda wapi. Kufunga mpaka peke yake hakungeimaliza.

Kuna wanaosema: tufunge Kasindi kwa ng'ombe. Sisi hatukubali. Mto Lubiriha uko na vivuko ambavyo kila mtoto wa pale anavijua. Ukifunga mlango mkubwa, ng'ombe zitavuka usiku, na hapo hata ile karatasi ya uongo hautaiona tena. Kufunga ni dawa ya wakati wa moto. Burundi mwaka 2022 walisimamisha uchinjaji na safari za ng'ombe juu ya homa ya bonde la ufa, na walikuwa na haki, maana ugonjwa ule unaingia mtu kwa damu ya mnyama, na wa kwanza kupatwa ni yule anayeshika kisu. Babushe, hapo tunawazungumzia ninyi. Lakini mpaka hauwezi kuishi umefungwa.

Tunachotaka ni milango miwili, na isichanganywe. Ng'ombe ya kuchinja iwe ya kuchinja. Ipakiwe kwa gari, ipigwe alama isiyofutika, iende moja kwa moja kwa abatwari, ichinjwe ndani ya siku 3, na daktari aangalie mapafu na ini kabla nyama haijatoka. Haipiti malisho, haiuzwi njiani, hata ikiwa nzuri namna gani. Ng'ombe ya kufuga ipite mlango wa pili: hereni kwa sikio, damu ichukuliwe, na siku 30 za karantini karibu na mpaka, mbali na mifugo ya watu. Siku 30 hazitakamata homa ya mapafu iliyojificha, tunajua, njo maana damu ni lazima, na cheti kiseme mnyama alikaa boma gani miezi 6 ya nyuma.

Babushe watatuambia bei itapanda. Kwa nyama, haitapanda sana, kwa kuwa ng'ombe ya kuchinja haingoji karantini. Kwa mfugaji anayenunua mbegu, ndiyo, itapanda, hatutadanganya. Majani ya siku 30 yana bei. Lakini aulize ile familia ndama tatu zina bei gani.

Pesa itatoka wapi? Itoke kwa zile takse zinazolipwa tayari. Ziandikwe ukutani kwa Kasindi, kwa franka na kwa shilingi, kila moja na kazi yake, na mchuuzi apate risiti moja. Takse ambayo hakuna mtu anaweza kueleza inafanya nini, iondolewe. Pamoja na hiyo, mfugaji anayetoa habari ya ugonjwa asiadhibiwe. Leo ukisema ng'ombe yako iko mgonjwa, wanakuja kuiua na wanakuacha mikono mitupu. Nani atasema? Mtu ataiuza usiku huohuo, na ugonjwa utasafiri nayo. Bila mfuko wa kumlipa mwenye kutoa habari, sheria yote hii ni karatasi.

Na watu wa kufanya kazi hii wako. Hapa Butembo, kwa Université Catholique du Graben, kuna fakilte ya udaktari wa mifugo. Wengine wenye diplome ile wanauza unite ya simu kando ya barabara. Ndiyo, tunatetea na tumbo letu, hatufichi. Lakini si aibu kumuomba leta amtumie mtu aliyesomea jambo ambalo leta anasema hana watu wake.

Wengine wanaogopa kwamba sisi, tulioingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hatuna tena haki ya kuchunguza bidhaa za jirani. Si kweli. Hata mapatano ya biashara ya dunia yanaruhusu kila inchi kulinda wanyama wake, kama inafuata sayansi na haibagui. Tunachotakiwa kufanya ni kuongea na wakubwa wa Kasese: ugonjwa ukitokea kwao watujulishe siku hiyohiyo, na ukitokea kwetu tufanye vilevile, bila kuficha.

Barua ya kuwajulisha wakubwa tumekwisha kuipeleka. Kuanzia wiki kesho tutakuwa Kasindi kila siku ya soko, kuhesabu: ng'ombe ngapi zimevuka, ngapi zina hereni, ngapi zimeangaliwa na daktari, takse ngapi zimelipwa. Hatutamzuia mtu, hatutagusa kamba ya mtu. Hesabu tutaiweka kwa ukurasa huu kila Ijumaa. Anayetaka kuja na sisi alete daftari na kalamu. Na buti, juu kule kando ya mto kuna matope mingi.