WATOTO WAWILI WADOGO KATIKA NYUMBA YA MKULIMA WA KAHAWA

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, kabla ya kujadiliwa kwa makisio ya msimu)



Nimeombwa niseme machache juu ya malezi ya watoto wadogo, na naona baadhi yenu mnajiuliza malezi yana uhusiano gani na mkutano ulioitishwa kwa ajili ya ubora wa kahawa na makisio ya msimu ujao. Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Tusipouona, hatutaweza kueleza kwa nini nyumba mbili zenye vihamba vya ukubwa mmoja na mvua ile ile hutofautiana mizanini: moja huleta kahawa nzuri, na jirani yake huleta kahawa inayonuka uchachu.

Sikusudii kuzungumzia kila nyumba yenye mtoto. Nazungumzia nyumba yenye watoto wawili walio chini ya umri wa miaka mitatu, mmoja akiwa mchanga na mwingine akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia.

Mtoto mchanga, kwa kadiri fulani, analindwa na mila. Huku kwetu Kilimanjaro mama aliyejifungua hukaa ndani yapata miezi mitatu. Hapewi jembe, wala haendi kukata majani ya ng'ombe. Hupikiwa mtori, hupewa nyama na maziwa, na katika nyumba nyingi hupewa mlaso. Mama mkwe au mama mzazi huja kumhudumia, na bwana ambaye hakuchinja huulizwa na ukoo mzima. Wazee walioweka utaratibu huu hawakuhitaji kufundishwa lishe na mtu yeyote. Naomba mila hii isife, maana naona katika nyumba nyingine miezi mitatu imekwisha kuwa wiki tatu.

Lakini mila hii humtazama mama na kichanga chake. Haimtazami sana yule mtoto aliyetangulia, mwenye mwaka mmoja na nusu au miaka miwili, ambaye hadi juzi alikuwa mgongoni na kifuani, na leo amekuta mahali pake pana mwenyewe. Huyu hawezi kusema shida yake. Meno yake hayajatosha kutafuna kande. Hawezi kugombea chakula kwenye sinia moja na kaka zake. Akilia huambiwa anaona wivu, na kweli anaona wivu, lakini mara nyingi vilevile ana njaa.

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo Ghana hivi leo, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na uso, nywele zao zikawa nyepesi na nyekundu, na ngozi ikabambuka. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina ambalo akina mama wa Kiga wa huko walikuwa wakiutumia: kwashiorkor. Sisi husema kwashakoo, au unyafuzi. Maana ya jina hilo kwa wenyeji ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo nduguye anapozaliwa. Naomba mlitafakari jambo hili, Ndugu Wajumbe. Kabla ya daktari kupima chochote, akina mama wale walikuwa wamekwisha kuona kwamba ugonjwa huja pamoja na kuzaliwa kwa mtoto wa pili. Wataalamu wa leo wanajua kwamba sababu zake ni nyingi, kuhara na maradhi mengine yakiwemo. Lakini zamu ya hatari ni ile ile waliyoitaja akina mama.

Wazee wetu nao waliijua zamu hiyo, ila waliieleza kwa njia nyingine. Walisema mtoto amebemendwa. Wote mliomo humu mnalijua neno hilo, na naona wengine wameinama. Ilisemwa kwamba wazazi wakikutana kabla mtoto hajaacha ziwa, mtoto hudhoofika. Sababu hiyo siikubali, kwa kuwa kukutana kwa wazazi hakuharibu maziwa ya mama. Hata hivyo, hesabu ya wazee ilikuwa na faida kubwa, kwa kuwa ilitenganisha mimba na mimba. Shirika la Afya Duniani linashauri jambo lililo karibu na hilo: mama akae angalau miezi 24 tangu kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine, yaani watoto wapishane kwa karibu miaka mitatu. Tofauti ni kwamba leo wazazi wanaweza kupanga uzazi bila kutengana. Chama cha UMATI kimekuwa kikifundisha uzazi wa majira katika nchi hii tangu mwaka 1959, na huduma hiyo hutolewa katika zahanati.

Ubaya wa neno kubemenda uko mahali pengine. Neno hilo humtia mama aibu. Mtoto akivimba miguu, mama hampeleki kliniki, kwa kuwa siku ya kupima uzito majirani wote wako pale na kila mmoja ataijua siri ya nyumba yake. Hivyo mtoto mgonjwa hufichwa ndani, na anayeletwa mbele ya mizani ni yule mnene. Wajumbe mnaorudi vijijini leo mnaweza kufanya kazi kubwa kwa kukataa tu neno hilo lisitamkwe mbele yenu kwa dhihaka.

Sasa nije kwenye kazi. Zamani mtoto huyu wa katikati alibebwa na dada yake mwenye miaka minane au tisa. Ndiyo sababu mama aliweza kuchuma kahawa. Tangu Novemba 1977, ulipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, dada huyo yuko darasani, na ndipo anapostahili kuwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2002, na tangu 2016 wazazi hawalipi ada hata katika sekondari za serikali mpaka kidato cha nne. Hakuna mwenye akili atakayetaka binti arudishwe nyumbani kubeba mtoto, ingawa kila msimu wa mavuno wapo wanaofanya hivyo kimyakimya. Tulimwondoa mlezi kwa sababu njema kabisa. Ila hatukuweka mwingine mahali pake. Bibi amebaki. Lakini bibi huyo ana miaka sabini, ana magoti mabovu, na mtoto wa miaka miwili hukimbilia mfereji wa maji na jiko la moto.

Na kahawa, kama mnavyojua kuliko mimi, haina subira. Tunda jekundu lililochumwa leo halina budi limenywe leo. Likilala usiku kucha ndani ya gunia, linaanza kuchacha, na uchachu huo hautoki tena, hata ukiosha mara kumi. Kwa hiyo mama anayechuma tangu asubuhi hufika nyumbani alasiri na debe kichwani na kichanga mgongoni, kisha huanza kuchagua matunda mabichi na kuzungusha mashine ya mkono. Saa hiyo hiyo ng'ombe anadai majani na moto unadai kuni. Saa hiyo hiyo mtoto yule aliyeshinda na kiporo cha ndizi anahitaji chakula chake cha jioni, chakula laini, kilichopikwa kwa ajili yake, na mtu wa kukaa naye akimlisha polepole. Mikono ni miwili. Ama kahawa inalala, ama mtoto analala na njaa. Katika nyumba nyingi nilizozitembelea kati ya Julai na Desemba vyote viwili hutokea, kwa siku tofauti. Karani wa mizani huiona ile siku ya kahawa kulala. Siku ile nyingine haiandikwi katika daftari lolote.

Mtoto wa kati ya miezi tisa na miaka miwili anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, zaidi ya ziwa la mama kama bado analipata. Tumbo lake ni dogo. Hawezi kula mara mbili kama mtu mzima na akatosheka, hata chungu kikiwa kimejaa. Hilo ndilo lililoonekana katika mpango wa lishe wa Mkoa wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168 kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Vijiji vilipima watoto wao wenyewe na kukaa kikao kujiuliza sababu. Ikaonekana kwamba nyumba nyingi zilikuwa na chakula, lakini mtoto alilishwa mara chache mno kwa kuwa mama alikuwa shambani kutwa nzima. Basi dawa yake haikuwa mahindi ya msaada peke yake. Vijiji vilianzisha mahali pa kulishia na kulelea watoto mchana, na utapiamlo mkali ukapungua sana katika muda wa miaka michache.

Hapa nitakwenda pembeni kidogo, akina mama mnisikilize. Uji wa mtoto ukiwa mzito, mtoto hachukui mwingi. Ukiongezwa maji, unashuka vizuri lakini chakula kilichomo ni kidogo. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilieneza dawa ya jambo hili, nayo ni kimea. Ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Uji ukisha kupikwa mzito, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko cha unga huo na kukoroga, na katika dakika chache uji unalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena, maana nafaka iliyooteshwa huweza kubeba vijidudu. Sisi hatuna haja ya kufundishwa kuotesha ulezi. Kimea cha mbege kinaandaliwa kila wiki katika mitaa yetu. Nashangaa tu kwamba kinamfikia baba kila Jumapili na hakijawahi kumfikia mtoto.

Kwa kuwa nimemtaja baba, niseme naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na baba siku 3. Mkulima hana mwajiri, kwa hiyo sheria hiyo haimgusi. Lakini ni mwajiri wa nafsi yake, na hakuna wa kumzuia kujipa likizo ndefu kuliko ya karani wa mjini. Kichanga hakiwezi kunyonyeshwa na baba. Mtoto aliyetangulia anaweza kubebwa, kuogeshwa na kulishwa na baba bila upungufu wowote. Nimewaona wanaofanya hivyo, na kahawa yao haijashuka daraja.

Pia liko suala la malipo. Katika nyumba nyingi mama ndiye achumaye, amenyaye na aanikaye, naye ndiye akimbiaye kufunika meza mvua inapotishia. Lakini jina lililo katika daftari la chama ni la mwenye kihamba, na fedha huenda penye jina. Kanuni ya kwanza ya ushirika, kama ilivyoelezwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995, inasema uanachama ni wazi bila ubaguzi wa jinsia. Hatuivunji kwa maneno. Yafaa makatibu wahesabu ni wanawake wangapi wameandikwa katika daftari zao, na wangapi wanasimama kwenye foleni ya mizani, kisha watueleze tofauti hiyo inatoka wapi.

Pendekezo lililo mbele yenu, Ndugu Wajumbe, si kubwa. Kila chama cha msingi chenye kiwanda cha pamoja cha kumenya kahawa kitenge chumba kimoja au kibanda chenye uzio karibu na mizani, na kiajiri walezi wawili kwa miezi ya mavuno tu. Watoto walio chini ya miaka mitano watapokewa asubuhi na kurudishwa jioni, na watapewa uji mara mbili na chakula cha mchana. Unga utachangwa na wazazi; mshahara wa walezi utalipwa na chama. Vyama ambavyo havina kiwanda vianze na kibanda penye kituo cha kununulia. Malezi ya mchana yanasimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hivyo Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya aonwe kwanza, kabla ya kununua hata sufuria.

Nimesikia tangu asubuhi kwamba fedha ya kahawa isitumike kwa mambo ya watoto. Wanaosema hivyo wana haki ya kuuliza, maana fedha ni ya wanachama, na zipo nyakati ambapo ilitumiwa vibaya. Basi wapime wenyewe. Waweke mshahara wa walezi wawili kwa miezi sita upande mmoja, na upande wa pili waweke bei tunayokatwa kwa kila kilo inayofika mizanini ikiwa imechacha. Makarani wana vitabu vya misimu iliyopita. Hesabu hiyo inaweza kufanyika kabla ya chakula cha mchana.

Fungu linalohusika, Ndugu Mwenyekiti, limo katika makisio chini ya elimu na huduma za wanachama. Naomba lisomwe kwa sauti, pamoja na majina ya vyama vilivyo tayari kuanza Julai, ndipo kura ipigwe.